Ng'ombe Walionuka Samaki

Aliyelikosa gazeti la wiki jana asihangaike, nitamrudisha kwa maneno machache. Mimi ni Ryoba, Mkuria wa upande wa Tarime, Tanzania. Huku Homa Bay naunda na kukarabati vizimba vya samaki ziwani, upande wa Takawiri. Nina mke, Mellen, Mkuria mwenzangu wa upande wa Kenya. Na nina wivu. Huo wivu ndio ulionifikisha hapa nilipo.

Kibali changu cha kazi kilikuwa kinaisha. Kukiongeza muda kulitaka barua ya tajiri wangu Joash, mwenye vizimba. Na Joash ndiye mwanamume niliyemkuta jikoni kwangu akila ugali, Mellen ameketi karibu naye, na wote wawili wakanyamaza mara tu nilipoingia.

Basi Joash alipoleta ile barua, niliichana mbele ya wafanyakazi wake nikaitupa majini. Nikamwambia siwezi kuishi Kenya kwa saini ya mwanamume anayemmezea mate mke wangu. Nitaomba ukaazi wa kudumu. Kibali anakupa tajiri, lakini ukaazi nitaupata kwa sababu nimeoa Mkenya, na hakuna Joash atakayenihesabia hilo.

Joash alinitazama tu. “Omera,” akasema, yaani ndugu kwa Kijaluo, “umechana chakula yako.”

Hapo ndipo tulipoachia. Unga ulishamwagika. Sasa sikilizeni nilivyojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Ndoa yetu ilikuwa na kasoro moja, na sikuwaambia mapema kwa sababu ya aibu. Kwetu Ukuriani, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wake akaoa msichana, ili msichana huyo aizalie nyumba yake warithi. Mellen aliolewa hivyo kabla sijamjua. Aliyemuoa ni mjane wa mzee Gisiri, huko huko kwao Mellen, karibu na Kehancha. Watoto hawakuja, manung'uniko yakaanza, Mellen akachoka. Nikamkuta amechoka, nikatoroka naye.

Ng'ombe wa Mama Gisiri walibaki kwa wakwe zangu, wakaliwa. Kwa hiyo kwa mila, miaka yote hiyo tuliyokaa pamoja, mke wangu alikuwa mke wa mama mwingine. Afisa wa uhamiaji aliniambia nianze na barua ya chifu wa kwao Mellen. Na chifu gani wa Ukuriani angeandika kwamba Mellen ni mke wangu wakati ng'ombe wa watu hawajarudi?

Nikamwambia Mellen, “Kesho asubuhi naenda kwa Mama Gisiri. Nimwombe anipe muda nimlipe.”

Alikuwa anapara samaki. Kisu kikasimama.

“Usiende,” akasema.

“Kwa nini nisiende?”

“Nasema usiende peke yako. Ngoja mchana nimalize soko, tuende sisi wawili. Kuna kitu nataka uone tukiwa pamoja.”

“Kitu gani?”

“Ryoba, si ungoje tu mara moja kwa maisha yako?”

Nikataka kungoja. Nawaambia ukweli, nilikuwa karibu kukubali. Kisha nikauliza swali moja la ziada, maana mtu mwenye wivu huwa hakosi swali la ziada.

“Tutaenda na nini?”

Akarudi kwenye samaki wake. “Joash amesema atatupatia kenta.”

Juzi tu nimemchania mtu barua machoni pake, na leo ananipa kenta, lori lake la samaki? Ananipa mimi, au anampa Mellen? Walionana lini wakapanga? Kila Alhamisi Mellen husema anaenda soko la Migori, na kila Alhamisi kenta ya Joash hupeleka samaki Migori. Hesabu hiyo nilikuwa nimeipiga zamani, na jibu halikuwahi kunipendeza.

Nililala nikimpa mgongo, na kabla hajaamka nikawasha pikipiki yangu nikaondoka.

Njia nzima nilibishana na Joash kichwani. Awendo nikakwama nyuma ya trekta la miwa, nikamtukana dereva ambaye hakunikosea kitu. Migori sikusimama hata kunywa chai.

Mama Gisiri hakuwahi kuniona kwa macho. Alichojua ni kwamba kuna kijana wa Tarime aliyemwibia mke, na nilisikia alikuwa ameapa kwamba siku akimpata atavua nguo mbele yake amlaani. Nikaona heri niingie kwa jina la biashara.

“Hodi hapa! Mimi ni mnunuzi wa ng'ombe, mama. Natoka Sirari.”

“Karibu,” akasema. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua wimbi. Mfupi, mkavu, macho makali. “Lakini hapa hakuna ng'ombe ya kuuza. Hizi unaona zimekuja juzi tu. Bado zinanuka samaki.”

Nikatazama zizini. Mitamba mizuri, imenona, ngozi inang'aa. Nikavuta pumzi. Ni kweli, harufu ilikuwapo.

“Ng'ombe wanuke samaki, mama?”

“Zililetwa na kenta ya samaki! Zinashuka, mbwa wote wa kijiji wanazifuata wakizilamba miguu. Mimi nimezeeka, lakini mahari ya kunuka omena sijawahi kuona.” Akacheka mpaka wimbi likamwagika.

Mimi sikucheka. “Mahari ya nani?”

“Ni yangu imerudi. Nilikuwa na mke hapa, anaitwa Mellen. Akatoroka na mwizi mmoja ya Tarime.”

Mwizi mwenyewe nikajifanya nahesabu ng'ombe.

“Sasa Mungu amemwona,” akaendelea. “Amepata bwana ya maana. Hiyo bwana imerudisha ng'ombe zangu zote, na ikaongeza moja ya kunifuta machozi.”

Nikashika nguzo ya zizi. “Huyo bwana wewe ulimwona?”

“Si ndiye alikuwa kwa usukani? Mnene, kofia nyeupe. Alishuka akanisalimia kwa mikono miwili, akaniletea samaki, mbuta kubwa hivi. Mtu ako na heshima, si kama yule mwizi.”

“Alikuambia yeye ndiye bwana?”

“Aniambie nini? Kaka ya Mellen alisema mbele ya chifu, ‘Hizi ni ng'ombe za bwana ya Mellen.’ Akataja na jina. Mimi nilikuwa naangalia ng'ombe, jina sikuangalia.”

Mnene. Kofia nyeupe. Kenta ya samaki. Mtu mwenye akili timamu angetoka nje akampigia simu shemeji yake, akauliza, akajibiwa. Simu ilikuwa mfukoni na ilikuwa na chaji. Lakini mimi nilishaona picha nzima: Joash ametoa ng'ombe, kwa mila Mellen ni wa Joash, na mimi nilikuwa naitwa mchana nije kuonyeshwa hayo kwa macho yangu, wawili hao wakiwa pamoja. Ndicho kile “kitu” alichosema nikione.

“Sasa wewe mnunuzi,” Mama Gisiri akasema akijifunga leso, “chifu ameniita leo niweke kidole, niseme nimemwachilia huyo msichana kwa bwana yake. Utanibeba na hiyo pikipiki?”

Nikambeba. Mniamini, nilimbeba mimi mwenyewe, amenikumbatia kiuno, na njia nzima ananiimbia sifa za Joash sikioni. Kwamba ana meno mazuri. Kwamba mwanamke akipata mwanamume wa aina hiyo ashike na mikono na miguu.

Kwa chifu kulikuwa na watu kwenye benchi nje, wanangoja zamu zao. Chifu alikuwa mtu wa makamo, mtulivu, mwenye miwani. Akamkaribisha Mama Gisiri kwanza kwa ajili ya umri wake. Mimi nikaingia nyuma yake bila kualikwa.

“Chifu, nimekuja,” mama akasema. “Ng'ombe zangu zimefika, zinakula vizuri. Mellen nimemwachilia kwa bwana yake.”

“Vizuri, mama. Na huyu ni nani?”

“Huyu ni mnunuzi wa ng'ombe tu. Amenibeba.”

“Chifu,” nikasema, “hiyo barua usiiandike.”

Akashusha miwani. “Kwa nini?”

“Kwa sababu huyo si mume wa mtu. Huyo ni tajiri wa ziwani anayenunua wake za watu na kuwabebea ng'ombe kwenye kenta.”

“Unamsema nani?”

“Joash! Au basi, andika. Andika ijulikane Migori yote na Homa Bay yote. Mume wa Mellen ni Joash. Yule Ryoba aliyekuwa anakaa naye hakutoa hata mkia wa ng'ombe, na leo hii amemwacha.”

Wale wa benchini wakasogea dirishani.

“Wewe mnunuzi wa ng'ombe,” chifu akasema polepole, “mambo ya Ryoba umeyajulia wapi?”

“Mimi ndiye Ryoba.”

Mama Gisiri akageuka, akanitazama toka kichwani hadi viatuni. “Mwizi!” akasema. “Na nimekushika kiuno!”

Chifu alimwinulia mkono anyamaze. Uso wake ulikuwa umebadilika, nami kwa ujinga wangu nikadhani ananionea huruma.

“Ryoba, nataka nisikie vizuri. Wewe mwenyewe unasema si bwana ya Mellen?”

“Si mume wake. Sijawahi kuwa.”

“Na hizo ng'ombe zilikuja juzi?”

“Si wangu. Siwajui, na sitaki kuwajua.”

“Endelea, Ryoba,” sauti ikasema nyuma yangu. “Maliza yote.”

Mellen alikuwa mlangoni. Amevaa gauni lake la kanisani, lile la rangi ya maziwa analovaa Sabato tu, na kilemba amekifunga kwa ustadi. Nyuma yake, uani, niliiona kenta, na Joash ameegemea boneti.

Nitasema lililonijia kwanza, hata kama ni aibu. Niliwaza kwamba amejipamba hivyo kwa ajili ya Joash.

“Nimeamka sikukupata kitandani, nikajua umekuja huku,” akasema. “Nikamwomba Joash tukimbie. Nilikuwa nataka nikuwahi kabla hujafungua mdomo.”

“Ili nisijue?”

“Ili ujue kutoka kwangu!” Sauti ikampanda. “Hizo ng'ombe ni zako, Ryoba. Kaka yangu alisema hapa mbele ya chifu, ‘Ni ng'ombe za Ryoba.’ Muulize chifu.”

Nikamtazama chifu. Akaitikia kwa kichwa.

“Kila Alhamisi unaniuliza Migori nafuata nini,” Mellen akaendelea. “Nilikuwa nafuata hizo. Nilianza na ndama moja, faida ya samaki, nikaweka kwa kaka yangu. Ikazaa, nikanunua ingine. Joash alinipatia kenta ya kuzibeba. Dereva alikuwa mgonjwa, akaendesha mwenyewe. Na ile siku ulitukuta jikoni tukanyamaza, tulikuwa tunapanga hiyo safari.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungekubali? Mwanaume Mkuria, bibi yake ajitolee ng'ombe? Ungesema watu watakucheka. Halafu ungesema ni pesa ya Joash. Si ndivyo umesema sasa hivi, watu wote wakisikia?”

Nikageuka; dirisha lilikuwa limejaa vichwa vya wale wa benchini.

“Nilizileta kwa jina yako ili mtu asikucheke,” akasema. “Ili uombe hiyo residence ukiwa bwana ya mtu, si mwizi.”

Mama Gisiri aliweka mkono mdomoni. Halafu akashindwa, akacheka. “Yaani msichana amejilipia ng'ombe mwenyewe? Na huyu ndiye bwana?” Benchi zima nje likacheka naye. Mwanamume mmoja alicheka mpaka akakohoa.

Nimewahi kuchekwa, lakini siyo hivyo. Nikamgeukia chifu.

“Chifu, nimekosea. Nilikuwa na hasira. Naomba uyasahau niliyosema, uandike kama ilivyokuwa.”

“Niyasahau vipi? Umesema mbele yangu na mbele ya mwenye ng'ombe. Watu wa Immigration wanaweza kunipigia simu waulize kama hii ndoa iko. Nitawaambia nini? Iko, isipokuwa mwenyewe alikuja kwa ofisi yangu akaikataa mara tatu?”

“Mama Gisiri, nisaidie,” nikasema.

“Mimi ng'ombe zangu sirudishi,” akasema haraka. “Na msichana nimemwachilia.”

“Umemwachilia kwa nani?” chifu akamuuliza.

“Hiyo sasa sijui. Mwenye ng'ombe amezikataa.”

Chifu akavua miwani kabisa, akaifuta kwa shati. Pale nje Joash alikuwa amesogea, amesimama karibu na mlango, na kofia yake ameishika mkononi. Kwa nini aivue kofia? Hakuna aliyekufa, wala hatukuwa kanisani. Nililiona hilo wakati ambao ningepaswa kumtazama mke wangu.

“Mellen,” chifu akasema, “huyu mama amekuachilia, huyu kijana amekukana. Mtu wa kusema amebaki ni wewe. Bwana yako ni nani?”

“Sema, Mellen,” nikamwambia. “Neno moja tu. Sema jina langu, tutoke hapa, mengine utanitukania nyumbani.”

Hakunitazama.

“Chifu, nikiolewa na huyu mama nilikuwa mdogo, hakuna mtu aliniuliza. Nikienda na Ryoba, yeye ndiye alisema twende, nikaenda. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza.” Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. “Andika hivi. Ng'ombe ni za Mellen, na ni Mellen amejilipia. Pale kwa jina ya bwana, wacha wazi.”

“Wazi?”

“Wacha wazi kwanza.”

Akamshika Mama Gisiri mkono, akaniacha hapo nilipokuwa, akatoka. Nikageuka nimfuate.

“Wewe keti,” chifu akasema.

“Chifu, mke wangu anaondoka.”

“Mke yupi? Si umesema huna?” Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. “Kijana, mimi ni mtu wa serikali. Wewe ni mgeni. Kuna watu wametoka Homa Bay juzi wakisema barua ya tajiri wako ulitupa kwa maji. Sasa kazi huna, bibi huna. Hebu nipatie permit yako nione.”

Nilikuwa nayo ndani ya koti. Nikaitoa, nikamkabidhi. Aliisoma taratibu, akaiinua mwangani, akaisoma tena.

“Inaisha kesho,” akasema.

“Ndiyo, chifu.”

“Na kesho utakuwa wapi?”

Nje niliisikia kenta ikiwashwa. Mlango mmoja ukafungwa, kisha wa pili. Chifu alikuwa ananisubiri nijibu, kalamu mkononi, na maisha yangu yote ya Kenya yamo katika jibu hilo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimenyoosha shingo kuelekea dirishani, nitazame kama Mellen amekaa nyuma na yule mama, au amekaa mbele na Joash.